Naomba ushauri: ganda la kuku wa kukaanga linalainika mapema

Wakuu, naombeni msaada. Kuku akitoka kwenye karai ganda ni kavu kabisa, ila nusu saa baadaye limelegea, hasa kwenye mapaja.

Natumia kuku wa kisasa wa kilo moja na robo, vipande 8. Vinalala kwenye maziwa mgando nusu lita, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kitunguu saumu na pilipili manga. Unga wa ngano ni vikombe 2, kornflawa nusu kikombe, beking pauda kijiko cha chai kimoja. Kila kipande nakigandamiza kwenye unga, kisha nakiacha dakika 15 hadi unga mkavu usionekane. Ukiharakisha hapo, ganda linabaki kwenye mafuta.

Mafuta yanafika nyuzi 170. Naweka vipande 3 tu kwa mkupuo, maana vikijaa joto linashuka na unga unakunywa mafuta. Paja linakaa kama dakika 14, mpaka ndani karibu na mfupa lifike nyuzi 75. Naepua kwenye wavu. Hotpoti situmii, mvuke wake unaua ganda lote.

Sasa, kukaanga mara mbili kutasaidia? Nafikiria nyuzi 150 kwanza, nipumzishe dakika 10, kisha 185 kwa dakika 2 au 3. Nahofia kidari kukauka. Na je, nikiweka unga wa mchele badala ya kornflawa, kiwango kibaki kilekile? Mwenye vipimo vya uhakika aviweke hapa tafadhali.