Naombeni ushauri: ua hili la porini ni Leonotis ipi?

Wapenzi wa mimea, naombeni msaada wa kutambua ua moja la porini ninalodhani ni la Leonotis, kundi la mimea ya karibu ndani ya jamii ya mnanaa.

Kwamba ni la jamii ya mnanaa sina shaka. Shina lina pembe nne, unazihisi ukilizungusha kati ya vidole. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekingama juu ya ile ya chini yake. Ua lina midomo miwili, rangi ya machungwa, na manyoya laini kama mahameli. Ndani ya kikombe kilichokauka, yaani ile sehemu ya kijani inayoshika ua chini, mna vijitunda vinne.

Maua yameshikana katika matufe yenye miiba, tufe juu ya tufe, shina likipenya katikati. Ndiyo maana nafikiria Leonotis. Leonotis leonurus naiondoa kwa sababu majani yake ni membamba, na haya ni mapana yenye meno ukingoni. Zimebaki aina nyingine za Leonotis, nepetifolia na ocymifolia, hapo ndipo nimekwama. Najua ya kwanza huishi msimu mmoja ikafa, na ya pili huchipua tena kutoka kwenye kisiki kigumu, lakini sitaki kuung'oa mmea ili nione mzizi. Ni mzuri mno, na ndege chozi wanaufuata kwa nekta yake.

Je, kuna alama ya kuaminika kwenye ua lenyewe? Nihesabu meno ya kikombe, au nipime urefu wa lile la juu? Na nikipiga picha, sehemu gani zionekane kwa karibu ili mweze kuamua?