Msiba wa mama, na swali la kaburi huku Sweden

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Stockholm,

Ahsanteni kwa dua na kwa ubani mlioutuma Tanga. Mama alifariki alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Hapakuwa na ndege ya kuniwahisha. Khitma niliisikiliza kwa simu.

Nyumbani kaskazi imeshaanza kuvuma. Huku jua linazama kabla ya saa tisa mchana. Msiba katika giza hili ni mzito. Ukisikia mwenzetu kafiwa Novemba au Desemba, nenda ukakae naye, usiishie kutuma ujumbe.

Sasa najiuliza nitazikwa wapi. Baba na mama wote wamelala Tanga, lakini wanangu wamezaliwa huku, na wao ndio watakaonizuru. Nimeamua: nizikwe hapa, ardhi yote ni ya Mungu.

Wengi wetu tunakimbilia mchango wa kusafirisha maiti bila kujua kwamba kila mkazi aliyeandikishwa hulipa ada ya mazishi, begravningsavgift, ndani ya kodi yake, awe wa dini yoyote au asiwe nayo. Ada hiyo ndiyo inayolipia kaburi kwa miaka 25 na kazi ya kuzika. Jeneza ni juu ya familia. Mazishi yafanyike ndani ya mwezi mmoja, na baadhi ya makaburi yana sehemu ya Waislamu.

Jibu:

Mdogo wangu, pole sana. Mungu amrehemu mama.

Mume wangu tulimrudisha Moshi, na sijuti; kwetu Wachagga mtu hulala kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo. Kinachoniuma ni kwamba hakuwahi kutamka mwenyewe anataka nini. Ndugu waliamua kwa simu, mimi nikatia saini karatasi nikiwa sioni kwa machozi. Mapema Novemba, Waswidi wanapowasha mishumaa makaburini, nami huenda na watoto Skogskyrkogården kumwashia wake, ingawa hayupo pale.

Kwa hiyo uamuzi wako uandike, kwa Kiswahili na kwa Kiswidi, utie saini na tarehe. Nakala moja mpe mtu wa huku, nyingine kaka yako Tanga, na umweleze kwa mdomo mapema, asije akaisoma siku ya msiba. Jumamosi nipo nyumbani. Njoo na watoto, nikuonyeshe nilivyoandika yangu.