Msimbo wa API wa kuzalishwa: tumeuziwa mbuzi kwenye gunia

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Kampuni ya malipo tunayounganisha nayo mfumo wa mteja wetu hapa Dar es Salaam ilitukabidhi faili la OpenAPI, yaani maelezo ya API yao (njia ambayo programu yetu huwasiliana na seva yao), na kutusihi tusiandike lolote kwa mkono, kwa kuwa programu ya OpenAPI Generator ingesoma faili hilo na kutuzalishia msimbo wote wa kuwasiliana na seva yao. Tukawaamini. Majaribio yakapita yote, tukawasha mfumo.

Siku ya kwanza ya malipo halisi, kila jibu la seva yao liligoma kusomeka. Mnunuzi amesimama kaunta, ameshika simu yenye ujumbe kwamba fedha zimekatwa, na skrini yetu inasema malipo yameshindikana. Nilikesha hadi nikaukuta mzizi wa fitina: ndani ya faili lao, namba ya simu ya mlipaji imeelezwa kuwa integer tupu (namba nzima), bila kutajwa int64 (namba nzima kubwa, ya biti 64). Kwa maelezo hayo, msimbo unaozalishwa kwa lugha ya programu ya Java hutumia aina ya namba iitwayo Integer, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647, ilhali namba ya simu ya Tanzania ikianza na 255 ina tarakimu 12 na haiwezi kuingia humo kamwe. Seva yao ya majaribio ilikuwa ikirudisha tarakimu 9 zinazoanza na 7, ndiyo maana hatukuona kitu. Na hata hivyo, nani hujumlisha au kugawanya namba za simu? Ilipaswa kuwa maandishi tangu mwanzo!

Sikilaumu kizalishi, kwa sababu kilifanya kile hasa ambacho faili lilikiagiza. Ninachokasirikia ni jibu la kitengo chao cha msaada: "Zalisheni upya." Tuzalishe upya kutoka faili lile lile bovu, tupate nini? Nililazimika kurekebisha msimbo kwa mkono. Wiki mbili baadaye wakaongeza hali mpya ya malipo, msimbo wetu ukaikataa kwa kuwa haikuwa kwenye orodha ya awali, nasi tulipozalisha upya ili kuipata, marekebisho yangu yote yakafutika na kosa la namba ya simu likarudi palepale.

Ninyi wa kampuni ya malipo, kama mnatulazimisha kutegemea faili hilo, lipimeni kwanza kwa majibu halisi ya seva yenu. Nimewaandikia mara tatu nikiwaonyesha mstari wenyewe, na hadi asubuhi ya leo bado umeandikwa integer.