Mama akigeuka kitandani nyumba inazunguka, presha iko sawa, hii ni nini?

mtoto_wa_tandika
Habari za jioni wakuu, naomba msaada hasa wale wa afya. Bi mkubwa wangu ana miaka 63, kwa muda sasa anasumbuliwa na kizunguzungu ila sio kile cha kuona giza ukisimama ghafla, yeye anasema nyumba nzima inazunguka, na kinamkuta akiwa amelala akigeukia kulia au akiinua kichwa kuanika nguo kwenye kamba. Kinamkamata kidogo tu kinaacha ila kichefuchefu kinabaki, juzi katapika kabisa. Zahanati ya mtaani malaria hakuna, wakapima waidali wakasema taifodi ipo "kidogo" (hii taifodi ya kidogo sijawahi kuielewa), akachomwa sindano wee, hamna kitu. Duka la dawa wakampa sinarizini, vidonge vya kizunguzungu, anameza mpaka leo, inamlaza tu mchana kutwa. Presha kawaida, sukari kawaida. Sikio haliumi na anasikia vizuri. Sasa shangazi kashaanza habari za kumpeleka kwa mtaalamu Bagamoyo. Msaada tafadhali

kibubu_wa_mto
Damu hiyo mkuu. Mpe juisi ya rozela na matembele wiki moja uje utushukuru

tabibu_wa_zamu
Rozela anywe kwa kiu yake tu. Mtoa mada umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi, mtu akisema kizunguzungu swali la kwanza ni kinakuja akifanya nini na kinakaa muda gani. Presha ikishuka mtu anayumba akisimama, huyu anazungukwa akiwa bado yuko kwenye mto, presha inahusikaje hapo? Mimi nawaza sikio la ndani, kitu kinaitwa BPPV, na wanawake waliovuka 50 ndio wanakipata sana.

Iko hivi, ndani ya sikio kuna vipunje vidogo mno vya kalsiamu vimekaa mahali pake vinasaidia mwili kujua uko wima au umeinama. Vikibanduka vinadumbukia kwenye ile mifereji mitatu yenye maji inayopima kichwa kikigeuka, basi kila akigeuka vipunje vinasukuma maji, ubongo unaletewa habari ya uongo kwamba anazunguka. Vikitulia, ndani ya dakika moja hivi, kinaacha. Ndio maana sikio haliumi na anasikia.

Kipimo chake hakitaki mashine wala CT scan, ni cha toka 1952. Anakalishwa kitandani, kichwa kinageuzwa nyuzi 45, analazwa chali harakaharaka kichwa kikining'inia kidogo, daktari anamwangalia macho. Kama ndio yenyewe macho yatachezacheza yenyewe. Tiba ni kugeuzwa kichwa kwa mpangilio ili vipunje virudi vilikotoka, inaitwa Epley kwa jina la daktari Mmarekani ambaye wenzake walimbeza miaka, mpaka 1992 ndio ikachapishwa. Hiyo sinarizini mwachisheni taratibu kwa kuongea na daktari, haivirudishi vipunje na mtu mzima akiimeza muda mrefu inaweza kumletea kutetemeka mikono kama mwenye Parkinson.

nyamwezi_mpole
Nathibitisha. Mimi nilizungushwa hospitali hadi nikaambiwa ni stress za mikopo lol. Daktari wa masikio pua na koo alivyonilaza chali nilimkamata koti nikadhani nadondoka sakafuni na nipo kitandani!! akaniambia usifumbe macho, akanigeuza upande wa pili akasubiri, akanilaza ubavu nikiangalia chini, nikakaa. Nikarudi nyumbani na daladala mwenyewe. Kilirudi baada ya miezi kadhaa nikafanyiwa tena kikaisha, kwa hiyo kikirudi msishtuke. Muhimbili, Bugando, KCMC wote wana kliniki ya masikio, na hata mtu wa fizio anayejua anafanya

bi_mwanahawa
Mwanangu wasikilize hao lakini na mimi nikuongezee. Kama kizunguzungu kinakaa mfululizo hakiachi hata akitulia, au uso umeenda upande, ulimi mzito, anaona vitu viwili, mkono hauna nguvu, hapo usisubiri kliniki ni kukimbia hospitali usiku huohuo, marehemu shemeji yangu kiharusi chake kilianza hivyo tukamkanda na maji ya uvuguvugu. Na sikio likiziba ghafla halisikii, vilevile kimbia. Halafu hizo sindano alizochomwa ulizeni ni za nini, jenta (jentamaisini, dawa ya kuua bakteria) zinaweza kuharibu sikio, mtu anabaki anapepesuka gizani.

mtoto_wa_tandika
Daah asanteni sana. Hizo za uso na ulimi hana hata moja, sindano nitaulizia. Dokta swali, tutajuaje ni sikio lipi? na mimi naweza kumfanyia nyumbani, maana youtube zipo kibao

tabibu_wa_zamu
Upande unaomzungusha akiugeukia ndio mara nyingi sikio lenyewe, kwako inaelekea kulia. Nyumbani hapana kwa mara ya kwanza, apimwe kwanza, sikio likikosewa unamgeuza bure, na hizo video nyingine mtu anageuza shingo kama anafungua kifuniko. Akiwa na shida ya shingo au aliwahi kuambiwa retina (utando wa nyuma ya jicho) imeachia aseme mapema. Akishafanyiwa muombe daktari akuonyeshe ili kikirudi ujue. Na mwambie shangazi aende yeye Bagamoyo akale samaki.

Siku ya kliniki mama asijaze tumbo, na mbebe mfuko wa plastiki, kutapika kupo.