Tupeane uzoefu: kuchelewesha mchezo wa kikapu kulikugharimu nini?

Wadau wa kikapu, naanza mimi. Napuliza filimbi mashindano ya mitaa, Dar. Robo ya nne, zimebaki dakika tatu na ushee, saa inatembea. Wanaoongoza wamefunga, wako mbele pointi tatu. Mchezaji wao mmoja akaudaka mpira ukitoka tu kwenye nyavu, akaukumbatia kifuani, halafu akaniletea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Wapinzani walishasimama nyuma ya mstari wanausubiri. Nikampa faulo ya kiufundi, kwa kuchelewesha mchezo.

"Refa, mimi hujanionya!"

Kweli, yeye sikumwonya. Nilimwonya mwenzake robo ya pili kwa kosa lilelile, na kocha wao nikamwambia. Onyo hilo ni la timu nzima mpaka mchezo uishe. Mrusho huru mmoja ukaingia, na mpira ukabaki kwa wapinzani. Kijana alilia. Tangu siku hiyo onyo nalitoa kwa sauti, benchi zima lisikie.

Leteni na zenu.

Mchezaji, Mwanza: Mimi ni zile sekunde 5. Mpira ninao mikononi, mlinzi kanikabili, hata mita moja haifiki. Nikawa nazungusha mguu huku na huku nikisubiri mwenzangu apate nafasi. Nilijua madhali mguu wa egemeo, ule ninaousimamia, haujanyanyuka niko salama. Filimbi! Kumbe kuzunguka hakuhesabiki. Ilibidi ndani ya sekunde hizo tano nitoe pasi, nidunde au nirushe kikapuni. Siku hizi nahesabu mwenyewe kimoyomoyo, nikifika tatu mpira umeshatoka.

Shabiki, Mombasa: Naomba tuache kuwazomea marefa kwa "sekunde tatu!" beki akisimama chini ya kikapu. Hiyo ya beki tunaiona NBA, ligi ya Marekani. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, sekunde 3 za kukaa chini ya kikapu zinamhusu anayeshambulia.

Kocha, Nairobi: Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwashinda Minneapolis Lakers 19-18 kwa kukalia mpira tu. Mwaka 1954 NBA wakaleta saa ya sekunde 24: timu yenye mpira irushe kikapuni kabla hazijaisha. Uwanjani kwetu saa hiyo hatuna, na mwaka fulani nilitumia upenyo huo: tunaongoza, nikawaambia vijana wapigiane pasi, wasirushe. Tulishinda. Lakini watu walianza kuondoka mchezo haujaisha, na wachezaji wangu hawakushangilia. Sikurudia tena. Sasa naomba mezani akae mtu na saa ya mkononi, zikibaki sekunde kumi apaze sauti.

Nahodha, Dar: Sisi hata hatukucheza. Tulifika wanne, wa tano yuko kwenye daladala, foleni Ubungo. Nilimsihi refa, akanionyesha saa yake: dakika 15 zimepita, hamjatimia watano. Tukapoteza 20-0. Jezi ya mwenzetu nilikuwa nimeitandika kwenye benchi, namba nane. Aliingia getini anakimbia, sisi tunavua viatu.