Naombeni ushauri wa haraka: kisagio cha espreso cha nyumbani, meno bapa au meno ya koni?

Kikombe cha Kwanza
Habari zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimelazimika kufungua uzi maana nimekwama na muda unanibana.

Nina mashine ndogo ya espreso nyumbani na kisagio cha mkono. Kahawa inayotoka ni nyepesi mdomoni. Povu linajaa, mapovu makubwa makubwa, ukigeuka kidogo limeshakwisha. Ladha inabaki kama ya ubao mkavu. Kinachonichanganya zaidi ni hiki: nikisaga laini, nikisaga kwa chengachenga, inatoka kwa muda ule ule. Ndiyo maana nimeamini kisagio kimekufa.

Sasa nachagua kati ya viwili. Kimoja ni cha umeme, kikubwa, kilikuwa kinatumika mgahawani, meno bapa (mabamba mawili yanayotazamana) ya kipenyo cha milimita 64. Kingine ni kipya cha mkono, meno ya koni (koni inayozunguka ndani ya pete). Mwisho wangu ni Ijumaa. Kipi kinafaa kwa vikombe viwili vya asubuhi? Naombeni majibu ya kitaalamu, nina presha kweli.

Sagalaini
Bapa, usiulize mara mbili. Meno bapa yanatoa unga ulio karibu saizi moja, kila ladha unaisikia peke yake. Koni inatoa mchanganyiko zaidi, chembe kubwa na vumbi laini pamoja, kikombe kinakuwa kizito ila ladha zinaingiliana. Mimi nilianza na koni, nikahamia bapa, sirudi. Siku niliyobadilisha nilikunywa kahawa ile ile ya jana yake nikadhani nimeletewa nyingine. Nilimwamsha mke wangu aonje, akanijibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa.

Mzee wa Mizani
Dada, kabla ya meno nijibu haya. Unaweka gramu ngapi? Kinatoka kiasi gani, kwa sekunde ngapi? Na kahawa yenyewe ni ipi, imekaangwa lini?

Usingizi Mwepesi
Naomba nichangie upande ambao hakuna anayeugusa: kelele. Kisagio cha mgahawani saa kumi na moja alfajiri ni balaa. Sisi tulikuwa na mtoto mchanga, kila nikisaga analia, mama yake anaamka, kahawa inapoa nikiwa nimembeba. Nilinunua cha mkono, 1Zpresso J-Max, kila kliki inasogeza meno mikroni 8.8, unaipata saizi unayoitaka kabisa. Gramu 18 ni kama dakika moja ya kuzungusha. Mkono unachoka, lakini nyumba imelala.

Kikombe cha Kwanza
Asanteni. @Mzee wa Mizani, naweka gramu 18, inatoka 36, sekunde zinacheza kwenye 25 hivi. Kahawa ni nzuri tu, ya punje, nasaga mwenyewe. Kwa hiyo kati ya viwili hivyo unanishauri kipi?

Mzee wa Mizani
18 ndani, 36 nje, sekunde 25 mpaka 30: hivyo ndivyo vipimo ambavyo watu wengi huanzia. Kwa namba hizo hupaswi kulalamika. Nimeuliza imekaangwa lini.

Njia Nyembamba
Mtanisamehe. Binadamu anaamka, badala ya kumshukuru Mungu kwa uhai anapima gramu na sekunde. Maji ya uvuguvugu yanatosha kabisa kuanzia siku. Tumejitengenezea vifungo tukaviita starehe. Dada yangu, hiyo presha unayoisema hapo juu umeinunua mwenyewe.

Kikombe cha Kwanza
Nakuheshimu mkuu ila sikuuliza hilo. Narudia, Ijumaa ndiyo mwisho. Bapa au koni?

Binti Punje
Mbona swali la kahawa unalikimbia? Mara mbili umeulizwa. Punje ikishakaangwa inatoa hewa ya ukaa siku hadi siku. Wengi tunaiacha ipumzike wiki moja hivi, tunaimaliza ndani ya wiki chache zinazofuata. Ikikaa miezi kwenye mfuko uliofunguliwa hewa imeisha, mafuta yameharibika, na hapo hata ukisagia dhahabu utapata ladha ya ubao. Sema ukweli tukusaidie.

Kikombe cha Kwanza
Sawa. Kahawa aliikaanga mama mkwe kwa mkono wake. Alitupa mfuko mkubwa siku alipotutembelea, sasa ni zaidi ya nusu mwaka. Ni nyeusi sana, inang'aa mafuta. Nyumbani hainunuliwi nyingine mpaka hii iishe, na wikendi anakuja tena. Ataomba nimtengenezee kahawa yake kwenye mashine yangu. Sitaki aonje hiki ninachokunywa mimi akadhani nimeshindwa.

Na jambo jingine, mtaniona vibaya. Kile cha mgahawani nimeshalipia nusu. Ijumaa ni siku ya kumalizia. Mume hajui bado.

Sagalaini
😂😂 Uzi wa meno bapa umegeuka uzi wa mama mkwe. Navuta kiti.

Dada Mkubwa
Wewe unayecheka hujaolewa. Mdogo wangu, mwambie mumeo leo, kabla ya Ijumaa. Mimi niliwahi kununua cherehani kwa siri, nikaificha kwa jirani, ikawa naenda kushona kwa jirani kama mwizi wa nguo zangu mwenyewe. Alipojua, hakukasirikia cherehani, alikasirikia kufichwa. Kahawa itapata dawa. Hilo jingine likichelewa linakomaa.

Binti Punje
Haya tumefika. Nusu mwaka, imeungua, na mafuta juu. Kisagio hakirudishi uhai kwenye punje iliyokufa. Nunua mfuko mdogo wa kahawa mpya ujaribu nayo kwanza, ya mkwe tengeneza ya maziwa au ya baridi.

Kikombe cha Kwanza
Siwezi kuitupa wala kuificha, ni kahawa ya mikono yake. Na kwa kweli naona mnaisingizia. Kama shida ingekuwa punje tu, si ningeona tofauti nikibadilisha usagaji? Sioni. Kisagio ndicho kibovu, kwa hiyo kununua kingine hakukwepeki. Hiki cha mgahawani ni chuma kitupu, kitadumu mpaka wanangu wakirithi. Muuzaji ni mtu mstaarabu, nimekiona kikiwaka.

Fundi Meno
Kuwaka siyo kusaga. Natengeneza mashine hizi, nisikilize.

Chomoa umeme. Fungua meno ya juu, pitisha kidole taratibu kwenye kingo. Meno mazima yanakwaruza, yaliyokwisha ni laini. Meno bapa ya 64 yanasaga mamia ya kilo kabla ya kuisha, lakini mgahawa wenye wateja hizo kilo unazimaliza upesi. Uliza kama yamewahi kubadilishwa. Kisha tazama yanavyokaa. Bamba likiwa limeinama hata kidogo, upande mmoja utasaga laini na mwingine chengachenga, na hutajua kwa nini.

La pili, kisagio cha mgahawa kimeundwa kikae na hopa (chombo cha punje cha juu) iliyojaa na kifanye kazi kutwa. Kati ya meno na mdomo wake kinabaki unga wa gramu kadhaa. Mgahawani haujalishi, dakika ijayo unatoka. Nyumbani huo ndio unga wa jana utakaounywa leo, au umwage kila asubuhi. Vile vya nyumbani vya siku hizi, kama Niche Zero yenye koni ya milimita 63 au DF64 yenye bapa ya 64, vimeundwa uweke punje za kikombe kimoja zitoke karibu zote. Na hizo punje zenye mafuta zitagandamana ndani. Utafungua na kusafisha kila mara.

Sijasema usikinunue. Nasema usikinunue bila kidole.

Mkono wa Kulia
Kwa wanaosoma uzi huu baadaye: chovya ncha ya kijiko kwenye maji, koroga punje kabla ya kusaga. Unga hautarukaruka na kugandia ukutani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliandika kuhusu hilo mwaka 2023: maji kidogo yanapunguza umeme tuli unaozaliwa punje zikisagika, na kwenye chujio unga unakaa vizuri zaidi. Pia koroga unga kwa sindano nyembamba kabla ya kushindilia, ufundi wa John Weiss tangu 2005. Mabonge yakibaki, maji yanajichimbia njia moja na kuacha kahawa nyingine haijaguswa.

Shahidi wa Pili
Naona wote mmelala. Ngoja niwaamshe.

Mtu anasema akibadilisha usagaji kutoka laini kwenda chengachenga muda haubadiliki. HAIWEZEKANI. Espreso ni maji ya shinikizo la karibu baa 9 yanayopita kwenye unga. Unga ukiwa wa chengachenga yanapita kama mvua, ukiwa laini sana yanadondoka au yanagoma. Hakuna kisagio duniani, kizima au kibovu, kinachoweza kukupa sekunde 25 kwa kila saizi.

Pili, "msomaji wa siku nyingi" amejiunga wiki hii. Tatu, ghafla kuna kisagio cha mgahawani, chuma kitupu, muuzaji mstaarabu. Wakuu, hii ni chai. Mama mkwe hayupo. Huyu ndiye muuzaji, na mkimaliza kumhurumia ataweka namba ya simu.

Sagalaini
Duh. Kweli lakini. Hata mimi hilo la muda lilinigusa nikanyamaza.

Usingizi Mwepesi
Nilikuwa naandika jibu refu la kupanga bajeti. Naliweka pembeni kwanza.

Njia Nyembamba
Uongo ni matunda ya tamaa.

Dada Mkubwa
Mnamhukumu mtoto wa watu kwa sababu ya sekunde? Aliyeandika lile la mumewe hakulitunga. Mwombeni picha, yaishe.

Kikombe cha Kwanza
Nimesoma nimetetemeka. Kujiunga nimejiunga wiki hii, kusoma nimesoma bila akaunti, hilo kosa liko wapi? Sina namba ya kuweka wala kitu cha kuuza. Hizi hapa picha: mfuko wa kahawa na mwandiko wa mama mkwe (jina nimelifuta), kisagio changu, mashine, mpini unaoshika chujio la kahawa ukiwa umegeuzwa, na kikombe nilichotoa sasa hivi. Niliandika nilichokiona. Muda haubadiliki. Mkitaka nirekodi video nitarekodi.

Mzee wa Mizani
Hakuna haja ya video. Wote tazameni picha ya nne, chini ya chujio. Mnaona tundu ngapi?

Binti Punje
Moja. Lo!

Mzee wa Mizani
Moja, dogo kama la sindano. Hilo ni chujio la kuta mbili. Ndani lina matundu mengi, chini lina mlango mmoja tu. Mashine nyingi ndogo za nyumbani huja nalo ili hata mtu mwenye kahawa ya unga wa pakiti aone povu. Shinikizo linazuiwa na lile tundu, siyo na kahawa. Ndiyo maana asage laini, asage chengachenga, mwendo ni ule ule, na povu ni mapovu makubwa ya kulazimishwa kupita tunduni, yanayokufa upesi. Dada alisema kweli tangu mstari wa kwanza. @Shahidi wa Pili naye amesema kweli: kwenye chujio la kawaida isingewezekana.

Shahidi wa Pili
Picha nimeiona. Chujio nakubali. La muuzaji nalishikilia mpaka Ijumaa ipite.

Kikombe cha Kwanza
Kwa hiyo kisagio changu ni kizima? Sihitaji kingine?

Mzee wa Mizani
Sikusema hivyo. Kwa chujio hilo, hata ukileta kisagio cha bei ya gari, mama mkwe hataonja tofauti kubwa. Nunua chujio la ukuta mmoja, matundu mengi chini. Pima kipenyo cha hilo ulilonalo kwanza, maana kuna la milimita 51, 54, 58, na yasiyolingana hayaingii. Chukua na kishindilio cha kipenyo hicho hicho.

Siku utakayolifunga, kahawa itamwagika kwa sekunde chache. Usishtuke. Hapo ndipo kisagio chako kitapewa mtihani wa haki. Zungusha meno mpaka yagusane, usikie mkwaruzo, rudisha kidogo, uanzie hapo. Kama kikifika laini kabisa na bado inamwagika, au kliki moja inakurusha kutoka sekunde 15 hadi mashine kugoma, basi ndipo unahitaji kingine. Kwa kikombe au viwili ningechukua cha mkono.

Fundi Meno
Na kahawa ya mkwe ikisagwa laini kwenye chujio hilo jipya, itoe fupi, 18 kwa 27 au pungufu, na kama mashine inaruhusu punguza joto. Iliyoungua ikitolewa ndefu inazidi uchungu.

Kikombe cha Kwanza
Nimepima, ni 51. Nimeshaagiza chujio na kishindilio, na mfuko mdogo wa kahawa mpya nitauweka kabati la juu, najua mtanisema. Mume nimemwambia jana usiku. Alinyamaza, halafu akauliza kama kile kikubwa kitaingia chini ya kabati. Hakitaingia, tumepima.

Ila nusu nimeshalipa, na muuzaji anasema hairudi. Naona bora nimalizie tu Ijumaa, nikipitisha kidole na meno yakiwa makali. Kitakaa stoo mpaka tupate jiko kubwa.

Binti Punje
Dada, hapana. Nusu iliyopotea usiifuate na nusu nyingine.

Fundi Meno
Mwache. Meno yakiwa mazima anaweza kuuza akarudisha yake. Yakiwa yamekwisha aache hapo hapo.

Sagalaini
Usipokichukua nijulishe, hicho cha 64 nakitaka mimi. Nitumie namba ya muuzaji inbox.

Shahidi wa Pili
😳 Namba hiyo hapo imefika.