"Chomeka mpaka, zidisha, basi": kanuni nusu iliyoninyima maksi

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka kurudishiwa mtihani na damu inachemka.

Tangu tuanze kudiferenshieti (kutafuta derivativi, yaani kasi ya kubadilika) integrali, yaani maeneo chini ya mchoro, zenye mipaka inayobadilika, wimbo ulikuwa huo huo: chukua mpaka wa juu, uchomeke mahali pa t (herufi inayotembea ndani ya integrali kati ya mipaka), zidisha kwa derivativi ya mpaka huo, toa ya mpaka wa chini, weka kalamu chini. Na kila mfano tuliopewa ulikubali! Integrali ya e^(−t²) dt kutoka 0 hadi x²? Jibu 2x·e^(−x⁴), mstari mmoja tu, kila mtu anajiona bingwa. Hakuna aliyefungua mdomo kusema kwamba inakubali kwa sababu ndani ya integrali hamna x. HAKUNA.

Mtihani ukaja na hii: integrali ya (x − t) dt, kutoka 0 hadi x. Nikachomeka kama nilivyofundishwa, x − x, sifuri. Nikasema hili swali la bure. Sasa ifanyeni kwa mkono: xt − t²/2, ukiweka mipaka unapata x²/2, na derivativi yake ni x. Sifuri niliyoandika ikanirudia kwa wino mwekundu.

Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa, "Hiyo ni kanuni ya Leibniz, ulipaswa kuijua." Yaani kanuni kamili ya integrali kama hizi, yenye jina la Leibniz, yule mwanahisabati Mjerumani. Niijue kutoka wapi? Niliota?

Na kinachoniuma zaidi, si kitu kigumu. Chukulia integrali ni eneo la chumba. Mpaka wa juu ni ukuta wa kulia, ukisogea kulia chumba kinaongezeka. Mpaka wa chini ni ukuta wa kushoto, nao ukisogea kulia chumba kinapungua, ndiyo maana ya ile alama ya kutoa ambayo nusu ya watu wanaikariri bila kujua imetoka wapi. Sasa x ikiwemo ndani ya integrali, paa nalo linapanda na kushuka. Utahesabu kuta mbili halafu ulisahau paa? Hiyo ndiyo sehemu ya tatu: diferenshieti kilichomo ndani kwa x, t ikae kama namba tu, kisha integreti kwa mipaka ile ile. Kwa swali langu, derivativi ya (x − t) kwa x ni 1, integrali ya 1 kutoka 0 hadi x ni x. Kwisha! Dakika 2 za maelezo, wakashindwa.

Halafu kuna wale wanaoandika integrali ya x dx kutoka 0 hadi x, herufi moja kwenye mpaka na ndani. Leibniz aliianzisha alama ya integrali, ∫, mwaka 1675, hadi leo mtu anaona uvivu kuandika t. Hapo mwanafunzi atajuaje x ipi ni ukuta na ipi inatembea chumbani?

Najua watakuja wa "mbona sisi tulifaulu". Karibuni. Diferenshieti integrali ya sin(xt)/t dt kutoka x hadi x². Ukileta (2 sin x³ − sin x²)/x, wewe ni mwenzangu, umesahau paa. Jibu ni (3 sin x³ − 2 sin x²)/x. Wekeni hatua zenu hapa, na aliyefundishwa sehemu ya tatu tangu siku ya kwanza aseme alifundishwa kwa mfano gani.